Kelele za Njiani: Somo la Yellowstone kwa Njia Zetu za Milimani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza sauti ni kitu gani, inasafirije hewani, na kwa nini desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Leo tuingie kwenye ugomvi wenyewe: njia ya watu wanaotembea kwa burudani inapopita kando ya nyumba, shamba au msitu ambao wengine wanautumia kwa jambo jingine kabisa.

Jumamosi moja nilikuwa napanda kutoka Morogoro mjini kwenda Morningside, ile nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani kwenye milima ya Uluguru. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba sehemu kubwa yake ni ya kijijini. Inakatisha mashamba ya mboga na migomba, na pengine inapita hatua chache tu kutoka mlango wa jiko la mtu. Mbele yetu walikuwapo vijana kama kumi, mmoja kaning'iniza spika kwenye begi. Nyuma yetu zilikuwa zinapanda bodaboda zilizobeba wageni wasiotaka kuchoka. Nilipoona nyumba yenye kivuli nikaomba kupumzika. Mama mwenye nyumba alikuwa kizingitini anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamwomba radhi kwa kelele za wenzangu.

Hakuwa na hasira. "Mmoja akipita hakuna neno, mwanangu," alisema, macho yake yakiwa kwenye ungo. "Ila hampiti mmoja. Nikimlaza mtoto, hao. Nikimlaza tena, hao wengine."

Maneno hayo tuyaweke akiba.

Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumsifu asiyebabaishwa na maneno ya watu. Lakini itazameni kwa upande wa pili. Si kwamba mwenye nyumba analala kwa sababu ni mvumilivu. Analala kwa sababu mlango ni wake, na anajua nani kaufungua na kwa nini. Jirani aliyeshtuka usingizini hakuulizwa. Ndivyo ulivyo ugomvi wa njiani. Kijana mwenye spika haudhiwi na mama anayechambua maharage. Ni mama anayeudhiwa na spika. Mwendesha pikipiki hasumbuliwi na mtazama ndege, bali mtazama ndege ndiye anayerudi nyumbani hajaona kitu.

Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Gerald Jacob na Richard Schreyer, waliandika kwamba migongano ya watu wanaoburudika nje haitokani tu na wingi wao. Inatokea pale mtu anapoona kwamba lile alilolifuata limeharibiwa na mwenendo wa mwingine. Waliowafuata wakaonyesha kwamba mara nyingi lawama huelekea upande mmoja tu, na anayelaumiwa hushangaa: yeye mbona hana shida na mtu?

Hakuna mahali ambapo jambo hili lilibishaniwa kwa muda mrefu, na kwa gharama ya mawakili wengi, kama hifadhi ya Yellowstone huko Marekani. Ilitangazwa Machi 1872, hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, na ina ukubwa wa karibu kilometa za mraba 9,000. Majira ya baridi barabara zake nyingi hufunikwa na theluji na magari hayapiti. Kwa miongo mingi ilikuwa kimya kutwa. Mwaka 1963 pikipiki za theluji zikaruhusiwa kuingia. Ni chombo chenye mkanda wa kusukuma nyuma na miguu ya kuteleza mbele, kinachomchukua mtu na familia yake mahali ambapo awali alihitaji mapafu ya mwanariadha.

Mji mdogo wa West Yellowstone, ulio mlangoni mwa hifadhi upande wa jimbo la Montana, ukaneemeka. Miezi iliyokuwa ya kufunga maduka ikawa ya mavuno. Hoteli zilijaa, mafundi wakapata kazi, wakodishaji wa mashine wakaongezeka, na mji ukajipa jina la makao makuu ya dunia ya pikipiki za theluji. Tuwatendee haki watu hawa: hawakuwa wahuni. Walikuwa wanakula kwa jasho lao, kama wanavyokula vijana wetu wa bodaboda.

Kufikia miaka ya 1990, siku za msongamano mashine zaidi ya 1,000 ziliingia kwa siku moja. Nyingi zilikuwa na zile injini ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, kama za misumeno ya kukatia magogo. Langoni moshi ulitanda hadi askari wa hifadhi waliokuwa wakipokea wageni wakapewa vinyago vya kupumulia. Moshi huonekana, kwa hiyo picha zake zilifika magazetini. Kelele haina picha.

Ili kuelewa kilichopotea, fika pale Old Faithful, chemchemi maarufu ya maji ya moto. Kila baada ya dakika 90 hivi hurusha maji juu, kati ya mita 30 na 55. Mtu aliyefika kwa skii asubuhi ya baridi huisikia kabla ya kuiona vizuri. Maji yanaguguma chini ya miamba, mvuke unafoka, na baada ya hapo maji yanaanguka mwambani kama gunia la mchele lililopasuka. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani. Mashine ishirini zikikata kona wakati huohuo, chemchemi haisimami na picha anaipata kama kawaida. Alichofuata ndicho amekikosa.

Sheria ilikuwapo. Februari 1972 Rais Richard Nixon alisaini amri kuhusu vyombo vya moto vinavyotembea nje ya barabara katika ardhi ya umma. Iliwataka watendaji wapange njia hizo kwa namna itakayopunguza migongano na burudani nyingine katika ardhi hiyo au ardhi jirani, na zipatane na hali ya maeneo wanakoishi watu, kelele ikitajwa kwa jina. Soma tena: ardhi jirani, wanakoishi watu. Amri ilimwona yule mama mwenye maharage. Haikusema tu kelele inayomfikia ipimwe kwa rula gani.

Ndipo mahakama zikaingia. Januari 2001, serikali ya Rais Clinton ikiondoka madarakani, ilitolewa kanuni ya kuziondoa mashine hizo hatua kwa hatua. Watengenezaji walikuwa wameshafungua kesi, na serikali mpya ya Rais Bush ikapatana nao na kuanza kuitazama upya. Desemba 2003 jaji mmoja mjini Washington akairudisha ile kanuni ya kuziondoa. Februari 2004 jaji mwingine, huko Wyoming, akaizuia. Fikiria wewe ni mwenye hoteli wa West Yellowstone: Krismasi umebanwa biashara, mwezi wa pili umelegezewa, na hujui mwakani itakuwaje.

Suluhu zilizofuata zilikuwa za kuhesabu vichwa. Mwaka 2004 zikaruhusiwa mashine 720 kwa siku, zote zikiongozwa na waongozaji wenye leseni na zikiwa na injini za kisasa zisizozidi desibeli 73. Mwaka 2009 idadi ikashushwa hadi 318.

Tuisimamie kidogo hiyo 73, maana namba ikikaa peke yake hudanganya. Kipimo hicho huchukuliwa mita 15 kutoka kwenye mashine. Kila umbali unapokuwa maradufu, sauti ya chombo kimoja hupungua desibeli 6. Kwa hiyo mita 30 utasikia 67, mita 60 utasikia 61, na ukiendelea hivyo, karibu na kilometa moja utabaki na 37. Hiyo ni hesabu ya uwanja mtupu. Miti na theluji laini hupunguza zaidi. Lakini kuna asubuhi ambazo hewa baridi hulala bondeni, yenye joto ikiwa juu yake. Hapo sauti iliyokuwa ipae hupindishwa kurudi chini, na kinachotoka mbali husikika kama kiko uani. Watu wa Uluguru wanaijua hali hiyo: alfajiri tulivu, mazungumzo ya ng'ambo ya bonde unayasikia neno kwa neno.

Desibeli 37 Kariakoo hakuna atakayezigundua. Katika msitu wa theluji usio na upepo, ambako sauti ya asili huweza kushuka chini ya 20, ni sawa na mtu kukugongea mlango.

Kisha likaja jambo lililowatahayarisha wengi. Watetezi wa ukimya walikuwa wakipendekeza mabasi ya theluji badala ya pikipiki: watu wengi, chombo kimoja. Vipimo vya hifadhini vikaonyesha kwamba baadhi ya mabasi hayo, hasa ya zamani, yalipiga kelele kuliko kundi la pikipiki za kisasa. Aliyehesabiwa mwema hakuwa mwema kiasi hicho, na mshtakiwa hakuwa mbaya kama alivyosemwa.

Hapo ndipo rula ilipobadilishwa. Kanuni ya mwaka 2013 iliacha kuhesabu mashine, ikaanza kuhesabu mapito. Basi moja likipita ni pito moja. Kundi la pikipiki lisilozidi kumi, likiwa pamoja na kiongozi wake, nalo ni pito moja. Kwa siku yasizidi mapito 110 kwa hifadhi nzima, na kati ya hayo makundi ya pikipiki yasizidi 50. Mashine zenyewe zikatakiwa ziwe tulivu zaidi, desibeli 67 zikiwa kwenye mwendo wa safari.

Kwa nini pito? Fizikia inajibu. Pikipiki kumi zinazofanana zikienda pamoja, huongeza desibeli 10 tu juu ya ile moja, na sikio la binadamu huhisi sauti imekuwa kama maradufu, si mara kumi. Zikitawanyika, kila moja kwa saa yake, ukimya umevunjwa mara kumi. Kipimo cha wastani hakioni tofauti hiyo. Kelele ya dakika kumi mfululizo na kelele ya dakika moja mara kumi, kwa ukali uleule, wastani wake kwa saa ni uleule. Mwulize mwenye mtoto mchanga kama ni kitu kimoja.

Sasa turudi kwetu. Kenya ilitoa kanuni zake za kudhibiti kelele mwaka 2009, Tanzania za kwake mwaka 2015. Ni kanuni nzuri, na mwananchi anayekeshwa na ukumbi wa muziki ana haki ya kuzishika mkononi. Za Kenya zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana nje ya nyumba za makazi, na 35 usiku. Lakini kipimo ni wastani, wa saa 14 kwa upande wa mchana. Rula hiyo inafaa kwa baa, kiwanda au nyumba ya ibada, yaani kelele yenye anwani. Kelele ya njiani haina anwani. Inapita, inaamsha, inakwenda zake, na kabla afisa hajafungua begi la vipimo imeshafika kwenye mgomba wa tano. Ukiipima kwa wastani wa mchana kutwa, karibu kila kijiji cha njiani kitaonekana kimetulia.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa halmashauri, vijiji na waongoza watalii wenye njia kama ya Morningside si kununua mashine za desibeli kwanza. Kaeni Jumamosi moja kwenye kizingiti cha nyumba ya njiani, na daftari, mhesabu mapito. Kisha pangeni. Watu waondoke kwa makundi badala ya mmoja mmoja. Spika izimwe kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na kibao kiseme hivyo kwa Kiswahili. Bodaboda zipande kwa saa zinazojulikana, ili mama ajue lini amlaze mtoto. Hakuna anayenyang'anywa riziki kwa mpango huo, na hauhitaji majaji wawili kuvutana.

Toka 1963 hadi 2013 ni miaka 50. Yellowstone ilipita kwa marais, watafiti, mawakili na vipimo vya kila namna ndipo ikafika kwenye wazo kwamba ukimya hupimwa kwa mara unazovunjwa. Mama wa Uluguru alikuwa amefika huko akiwa na ungo mapajani: mmoja akipita hakuna neno, ila hampiti mmoja.

Wiki ijayo tutauliza swali ambalo wasomaji wengi huliuliza: je, aliyehamia karibu na kelele ana haki ya kulalamika? Tutaanzia Suffolk, Uingereza, kwenye uwanja wa mbio za magari na pikipiki uliofikishwa hadi Mahakama ya Juu na majirani waliohamia miaka 30 baada ya uwanja kujengwa.

Itaendelea.