Ngao ya babu si pambo la ukutani

Mgeni ashukaye mashuani kisiwani Mfangano, baada ya kuvuka maji kutoka Mbita, aghalabu hupelekwa kutazama michoro ya kale katika mapango ya Kwitone na Mawanga. Ni mara chache aulizapo habari za ngao. Hata hivyo, ngao ndiyo iliyokinga vifua vya wanaume wa pande hizi siku za vita vya mikuki, na leo hutafutwa sana na matajiri wakusanyao silaha za kale.

Waluo, ambao Abasuba wameishi nao na kuoana nao kwa vizazi vingi, huiita ngao kubwa kuot. Ilifanywa kwa ngozi ya nyati, nene, iliyokaushwa hata ikawa ngumu kama ubao.

Huko Ulaya askari wapanda farasi walijikinga kwa deraya, yaani vazi la mabamba ya chuma. Katika jumba la Wallace Collection, London, ipo deraya ya mnamo mwaka 1480, ya mpanda farasi pamoja na ya farasi mwenyewe. Deraya kamili ya mtu peke yake ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi. Lakini chuma na ngozi vilikuwa na adui mmoja, nayo ni bunduki. Risasi zilipozidi nguvu, shujaa wa Ulaya aliivua deraya yake, na shujaa wa ziwani akaiweka ngao yake chini.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Deraya nyingi zilibaki katika majumba ya huko huko kwao. Silaha zetu nyingi zilivuka bahari wakati wa ukoloni. Mradi wa International Inventories Programme, ulioonyesha kazi yake Nairobi mwaka 2021, uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo.

Sasa tuseme kijana anakuta ngao ya babu yake darini, na mnunuzi yuko mlangoni na noti mkononi. Afanye nini? Kwanza ajue kwamba sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichofanywa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Pili, kabla ya kutaja bei, akae na wazee. Nani aliyeishona? Nani aliyeibeba, na katika vita gani? Ayaandike majibu yote. Ngao isiyo na habari zake ni ngozi kavu tu, hata ikiuzwa kwa maelfu.

Kisiwani penyewe pana makumbusho ya amani ya jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa mwaka 2000. Jina hilo lina maana yake: silaha ya jana yaweza kuwafundisha vijana wa leo namna ugomvi ulivyoanza na ulivyokwisha.

Ngao imo katika bendera yetu tangu 1963, nasi huisimamia wima kwa heshima. Yafaa basi tuiheshimu na ile iliyomo darini. Dudu hula ngozi polepole, lakini mzee akifariki, habari zake huondoka siku moja.