Uzito, Unene na Mnato

Neno "uzito" limebebeshwa maana nyingi. Fundi wa rangi mjini Njombe, asubuhi ya baridi ya mwezi Julai, husema rangi yake "imekuwa nzito", nasi twamwelewa: haitiririki kwa wepesi. Mwenzake wa Makambako, penye upepo mwingi, aweza kusema vivyo hivyo kwa sababu nyingine: kiyeyushi kimeruka, rangi ikakaza.

Katika mazungumzo, hayo hayana madhara. Mfasiri wa maandishi ya kiufundi, hata hivyo, hana budi kutenganisha maana. Tuchukue utengenezaji wa saketi ndogo za elektroniki. Bamba la silikoni hudondoshewa dawa ibadilikayo ipigwapo na mwanga, kisha huzungushwa kwa kasi hata dawa ienee na kuwa utando, aghalabu wa mikromita 1 au 2. Utando ukizidi kipimo, hukaguliwa kwanza mnato wa dawa na kasi ya mzunguko. Kwa kawaida, kasi ikizidishwa mara 4, unene hupungua hadi nusu.

Sasa, fundi akiandikiwa "punguza uzito", apunguze nini? Aweza kuongeza kiyeyushi ilhali kosa ni la mashine. Au apunguze dawa inayodondoshwa, jambo lisilobadili sana unene.

Kwa hiyo yafaa uzito uachiwe mizani. Unene uwe kipimo cha utando. Na mnato uwe ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka.