Utajuaje kama ni Mungu anayekuongoza?

Ukikaa juma moja tu katika miji yetu ya shaba na kobalti, kutoka Likasi mpaka Fungurume na Kolwezi, utasikia neno hili mara nyingi: «Mungu amenionyesha.» Kijana anaacha masomo katika mwaka wa tano, kwa sababu Mungu amemuonyesha shimo. Baba anauza mashini ya kushona ya bibi yake, kwa sababu Mungu amemuonyesha mutu wa kufanya naye biashara. Mwengine anaacha kazi yenye mukataba. Kiisha miezi sita, wakati feza imekwisha, ni Mungu yule yule tunamutupia lawama. Na muchungaji anaitwa kuombea deni ambalo hakuna mutu aliyemuuliza neno siku ya kulichukua.

Sisemi kama Mungu haongozi watu wake. Anaongoza. Aliongoza Abrahamu, aliongoza Paulo, anaongoza na mama anayeuza makala pembeni ya barabara. Ulizo ni hili: kati ya sauti zote zinazosema ndani ya kichwa cha mutu mwenye njaa na madeni, ile ya Mungu ni gani?

Kuna sura moja ya Biblia ambayo, kwa mawazo yangu, inafaa watu wa migodi kuliko zote, na tunaisoma mara chache sana kanisani. Ni Yobu 28. Aliyeiandika alijua kazi ya chini ya udongo. Anataja feza na zahabu, chuma kinachochimbwa, shaba inayoyeyushwa kutoka mawe. Anaonyesha watu wanaoning'inia ndani ya shimo mbali na watu wengine, njia ambayo hata ndege mukali hajaiona. Wanapeleka mwangaza ndani ya giza, wanapindua milima, wanazuiza mayi ya chini. Muchimbaji yeyote wa Kolwezi atasema: huyu ameona kwa macho. Halafu, kwa gafula, anauliza: na hekima, yenyewe inachimbwa wapi? Kilindi kinajibu kwamba haiko kwake. Bahari vilevile. Hata zahabu haiwezi kuinunua. Jibu linakuja mwisho wa sura: Mungu peke yake anajua njia yake, na kwa mutu hekima ni kumuogopa Bwana na kuachana na mabaya.

Angalia vizuri. Hapa mutu hapewi ramani ya shimo. Anaambiwa namna ya kutembea. Sisi tunataka ramani.

Tena, kazi ya mawe yenyewe ingeweza kutufundisha. Jiwe jeusi linaweza kuwa kobalti, linaweza kuwa manganezi, na linaweza kuwa jiwe la bure. Rangi haitoshi. Ndiyo sababu mufuko unapimwa kwa mashini mbele ya kuuzwa, na mutu mwenye mashaka anaupeleka kwa depo ya pili. Kwa mawe tunafanya hivyo bila haya. Lakini mutu akisimama na kusema «Bwana anasema», tunanunua bila kupima, na kupima tunakuita kukosa imani. Lakini Yoane (1 Yoane 4:1) na Paulo (1 Watesalonika 5:20-21) wanatuagiza wote wawili tupime, na waliandikia waamini, si wapagani.

Tuchukue jambo lililotokea kweli. Katika mwaka 2014, kule Kasulo, mutaa mumoja wa Kolwezi, watu walivumbua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao. Kwa wakati mufupi mashimo yakafunguliwa lupango kwa lupango, hata ndani ya nyumba, pale kitanda kilikuwa. Sasa weka ndani ya nyumba moja ya namna hiyo bwana na bibi yake, wote wawili watu wa kanisa. Wamefunga, wameomba juu ya feza ya masomo, na tazama, jibu liko chini ya sementi yao wenyewe. Bwana anasema: ni Mungu. Bibi anauliza: watoto watalala wapi? Bwana anajibu: wewe hauna imani.

(Neno hili «hauna imani» limevunja nyumba nyingi kuliko pombe, nafikiri.)

Nani kati yao anasikia vizuri? Mbele ya kuuliza nabii, tufungue Kutoka 21:33-34. Musa alipewa sheria juu ya mutu anayechimba shimo bila kulifunika: nyama wa mwenzake akitumbukia ndani, mwenye shimo atalipa. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mutu anayejenga nyumba anaagizwa kuweka kizuizi juu ya paa, kusudi damu ya mutu anayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Kama punda ana sheria yake, mutoto wa jirani je? Basi yule bibi hakukosa imani. Ulizo lake linatoka katika Neno la Mungu, hata kama hajui ni sura gani.

Sheria ya inchi nayo iko. Kode ya Migodi ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inataka wachimbaji wa mikono wawe watu wazima wenye karte, na wachimbe katika maeneo waliyotengewa. Kanuni zake hazikubali shimo lipite metre 30. Kwa hiyo hakuna haja ya kufunga siku tatu kwa kumuuliza Mungu kama anapenda mutoto wa miaka 12 ashuke chini. Amekwisha kujibu. Sehemu kubwa ya uongozi wa Mungu imekwisha kuandikwa, na ndiyo ile hatuipendi sana, kwa sababu haina siri ndani yake na haitufanyi kuwa watu wa ajabu.

Wengine watasema: na Gideoni? Hakuomba alama kwa ngozi ya kondoo? Aliomba, ni kweli. Lakini soma Waamuzi 6 toka mwanzo. Mbele ya ngozi, Mungu alikuwa amekwisha kumuambia wazi kazi yake. Ngozi ilikuwa ya kusaidia woga wake. Haikuwa ya kuchagua njia. Sisi tunaweka ngozi juu ya mambo ambayo Mungu hajatuambia hata neno moja, na tunaweka masharti mepesi sana: «Kama simu italia leo, ni Mungu.» Katika Kolwezi ni siku gani simu hailii?

Juu ya manabii nitasema kwa ufupi. Nabii anayetaka feza mbele ya kuona maono, Mika 3:11 imekwisha kumupima. Na hata alama ikitimia, haitoshi: Kumbukumbu la Torati 13 inasema juu ya mutu ambaye alama yake inatimia kweli, lakini anakokota watu mbali na Bwana. Mutu anayekufanya umuchukie mama yako ao mutoto wako kwa kumuita mulozi, usingoje kuona kama maneno mengine aliyokuambia yatatimia. Ondoka kwake leo.

Sasa kelele. Hapa sisemi juu ya baa na muziki tu. Kelele kubwa ya miji yetu ni bei. Katika mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90 000 kule London. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya 30 000. Ningependa mutu anielezee juu ya nini maono ya mashimo yanakuja mengi wakati bei inapanda. Mapenzi ya Mungu hayafuate soko la London. Tamaa yetu, yenyewe, inalifuata.

Eliya naye alikuwa ndani ya kelele (1 Wafalme 19). Tunakumbuka upepo, tetemeko na moto, kiisha ile sauti ndogo. Lakini tunasahau mwanzo wa sura. Mbele ya kumuambia neno lolote juu ya njia yake, Mungu alimuacha alale, akamupa mukate na mayi, akalala tena, akala tena. Mutu aliyechoka hasikii vizuri. Kwa hiyo nawaambia watu: usifanye shauri kubwa usiku wa kupokea mushahara, wala kwenye matanga, wala siku ambayo haujakula. Lala kwanza. Kama ni Mungu, kesho atakuwa angali anasema neno lile lile.

Tena usifanye shauri peke yako. Paulo, katika Matendo 16, alizuiwa mara mbili kuingia pahali alipofikiri ni pazuri, halafu usiku akaona mutu wa Makedonia. Maono yalikuwa ya mutu mumoja, lakini Luka anaandika kwa «sisi»: walitambua pamoja. Bwana anayepata maono usiku na kuuza mashini ya bibi asubuhi bila kumuambia, yeye na Paulo hawafanane.

Mama mumoja aliniuliza: na kama tumeomba, tumesoma, tumeuliza wazee, na hatusikie kitu? Nilimupeleka kwa Samweli (1 Samweli 3). Aliitwa mara tatu bila kujua ni nani anamuita, na hakukemewa kwa sababu hiyo. Hata usiku ule ulipopita, na neno zito likiwa ndani ya moyo wake, asubuhi alifungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida, maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Bwana na bibi yule wa Kasulo, wakikosa jibu usiku huu, kesho wana kazi vilevile: kuchota mayi, kuosha watoto, kuwatuma kwenye masomo, na kwenda kwa mukubwa wa masomo kuomba awangojee kidogo juu ya feza. Sementi inaweza kukaa juma moja tena.