Kumbukumbu ya Kasi: Je, Kompyuta Itakwenda Mbio?

Siku hizi, ndugu askari, maelezo ya mashahidi, hesabu za stoo na orodha za zamu huandikwa kwa kompyuta katika kambi na vituo vingi. Mashine inapozubaa, husikika shauri moja: wekeni kumbukumbu ya kasi zaidi. Kabla hatujatoa fedha zetu, au fedha za umma, yatupasa tulipime shauri hilo.

Tutumie mfano tuujuao. Prosesa ni karani. Kumbukumbu ni meza yake. Diski ni stoo ya majalada iliyo mwisho wa kambi. Kasi ya kumbukumbu ni wepesi wa kuchukua karatasi mezani. Ukubwa wake ni upana wa meza.

Tutazame aina ya DDR4, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2012. Kipande kimoja cha 2133 chaweza kupitisha gigabaiti 17 kwa sekunde. Cha 3200 chapitisha gigabaiti 25.6, yaani ongezeko la nusu. Lakini muda wa kungoja karatasi ya kwanza ni habari nyingine. Kipande cha 2133 chenye alama CL15 hungojesha nanosekunde 14. Cha 3200 chenye alama CL22 hungojesha nanosekunde 13.75. Mlango umepanuliwa, bali bawabu ni yule yule. Tena, prosesa huweka ndani yake akiba ndogo ya mambo inayoyatumia mara kwa mara. Ndiyo sababu mwandika barua hataona tofauti.

Hatusemi kwamba kasi haina faida. Mashine ambayo picha zake huchorwa na prosesa yenyewe, kwa kuazima kumbukumbu hiyo hiyo, hufaidika sana. Lakini hata hapo, vipande viwili vya 2133 vinavyofanya kazi kwa njia mbili hupitisha gigabaiti 34, vikakishinda kimoja cha 3200.

Adui mkubwa ni meza ndogo. Kumbukumbu ikijaa, karani hutumwa stoo kila mara. Diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kufikia jalada moja. Kumbukumbu huhitaji takriban nanosekunde 100. Tofauti hiyo ni mara 100,000! Dawa yake ni kuongeza ukubwa wa kumbukumbu, au kuiondoa diski ya kuzunguka na kuweka ile isiyozunguka.

Basi kwanza tuchunguze, mashine ikiwa kazini, kama kumbukumbu imejaa. Tukinunua, tukumbuke kwamba DDR5 haiingii katika nafasi ya DDR4, na kwamba vipande vya kasi mbalimbali vikichanganywa, vyote hufuata mwendo wa kile cha polepole, kama kikosi kinavyomfuata askari aliye mchovu.

Askari hodari hafyatui risasi kabla ya kumtambua adui. Nasi tusitoe shilingi kabla ya kuujua ugonjwa.