MOSHI HUTANGULIA MOTO: HIFADHI YA WATU WA NYUMBANI

Wananchi wanatanabahishwa kwamba nyumba inaposhika moto, mtu aliyemo ndani kwa kawaida hufikiwa na moshi kabla ya kufikiwa na mwako. Wengi wanaofariki katika ajali za namna hii huuliwa na moshi. Ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa na kichwa, hulegea viungo, kisha hupotewa na fahamu. Magodoro na makochi ya sponji yanapoungua huongeza sumu ya sianidi. Wanaodhani kuwa harufu ya moshi itawaamsha usingizini wanajidanganya.

Nyumba nyingi za Ng'ambo zina ukumbi mmoja utokao mlango wa mbele hadi uani, na vyumba kulia na kushoto. Moshi wa chumba kimoja hupanda juu, hutambaa chini ya dari, kisha huteremka na kuujaza ukumbi huo, nao ndio njia ya kutokea. Katika nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe, ngazi hugeuka dohani. Aidha, vichochoro vya huko havipitishi gari la Zimamoto, hivyo dakika za mwanzo ni za wenye nyumba wenyewe.

Mlango uliofungwa huzuia moshi kwa muda wa kutosha kuokoa maisha. Ni kweli kwamba joto la kaskazi huwafanya watu walale milango wazi. Basi angalau mlango wa jikoni na wa sebule urudishwe kila usiku. Madirisha ya nondo huzuia wezi, lakini pia huwafungia watu ndani. Inafaa dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo za kufunguka, na ufunguo wa kufuli la mlango uwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote, watoto wakiwemo. Hali kadhalika, ijulikane mapema nani atamchukua mzee na nani atambeba mtoto mchanga, na wote wakutane wapi nje ili wahesabiwe.

Moto ukitokea, watu watambae, kwani hewa nzuri hubakia karibu na sakafu. Kabla ya kufungua mlango, uguswe kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usifunguliwe. Anayetoka afunge mlango nyuma yake. Aliyezuiliwa chumbani azibe nafasi ya chini ya mlango kwa kanga iliyorowa, aende kwenye dirisha la nje na kupiga kelele. Kanga mbichi puani hupunguza masizi, lakini haizuii gesi hata kidogo, na asitokee mtu akaitegemea kurudi ndani kufuata cherehani au sanduku la nguo. Anayerudi mara nyingi hatoki tena.

Ifahamike pia kuwa gesi hiyo haihitaji nyumba kuungua. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kaya nyingi zilitumia jenereta, na mtindo huo haujaondoka. Jenereta haiwekwi ukumbini wala chini ya dirisha, hata kama mwenyewe anaogopa kuibiwa. Jiko la mkaa nalo lisiingizwe chumbani wakati wa masika kwa ajili ya kuota au kukausha nguo za mtoto. Mkaa uliokwisha kuwaka usiotoa moshi ndio unaohadaa watu.

Aliyevuta moshi apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwani koo na mapafu huweza kuvimba baada ya saa kadhaa, na kuumwa na kichwa, kutapika au kuchanganyikiwa ni dalili za sumu iliyokwisha ingia katika damu.