Punguzo la Kimya na Punguzo la Kelele

Somo la kwanza la uchumi husema bei ikishuka wanunuzi huongezeka, na wengi wetu tunadhani hiyo ndiyo siri yote ya mauzo ya michezo ya video. Ushahidi kutoka kwa wenye duka wenyewe unaonyesha kwamba mambo hayaishii hapo. Mwaka 2011 Gabe Newell, mkuu wa kampuni ya Valve ya Marekani inayomiliki Steam, duka kubwa la mtandaoni la michezo ya kompyuta, alieleza hadharani majaribio mawili. Katika la kwanza, Valve walibadilisha bei ya mchezo wao mmoja kimyakimya, bila bango wala tangazo. Mapato ya jumla yakabaki palepale: kilichopungua kwenye bei kilifidiwa na wingi wa wanunuzi. Katika la pili walishusha bei kwa 75% na kulipigia debe punguzo hilo kwa nguvu. Kwa kufuata matokeo ya jaribio la kwanza, mapato hayakutarajiwa kubadilika. Yalipanda mara 40.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Nakala inayouzwa kwa robo ya bei huleta robo ya fedha, kwa hiyo ili mapato yapande mara 40 ni lazima nakala zilizouzwa ziwe zimeongezeka takriban mara 160. Punguzo hilohilo likifanywa kimya, kwa uwiano wa jaribio la kwanza, lingeongeza nakala mara 4 tu. Unafuu kwa mnunuzi ni uleule, mchezo ni uleule. Pengo lote lililobaki limetokana na jinsi bei ilivyotangazwa, na hapo ndipo ninapoona kosa la kuzungumzia bei na matangazo kana kwamba ni nguvu mbili zinazofanya kazi kila moja kivyake. Bei ya chini yenyewe ni tangazo, mradi kuna mtu wa kuisoma.

Kwa nini tangazo liwe na nguvu kiasi hicho? Mwaka 1970 mwanauchumi Phillip Nelson alitenganisha bidhaa ambazo ubora wake huonekana kabla ya kununua na zile ambazo hujulikana baada ya kuzitumia. Mchezo wa video umo katika kundi la pili. Mnunuzi hawezi kujua kama saa 30 za mchezo zitamfurahisha au zitamchosha, hivyo hutafuta dalili za nje, na dalili iliyo karibu kuliko zote ni ile bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari kando ya bei mpya. Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1974 kwamba hata namba iliyotolewa na gurudumu la bahati nasibu huvuta makadirio ya watu: walioonyeshwa 10 walikadiria chini sana kuliko walioonyeshwa 65, ingawa namba hizo hazikuhusiana kabisa na swali. Muuzaji wa sokoni anayeanza na bei ya juu anaijua mbinu hii vizuri, ila kwake mteja hujibu na kushusha. Kwenye skrini hakuna wa kubishana naye, na siku za ofa zinahesabiwa kuelekea mwisho.

Yupo atakayepinga kwamba tangazo limewafahamisha tu watu ambao hawakujua, nao wamepata walichokitaka kwa bei nafuu. Hoja hii ina uzito. Newell mwenyewe alisema waliwahi kushuku kwamba walikuwa wakivuta mbele mauzo ya baadaye, na takwimu hazikuonyesha hivyo; kwa hakika wanunuzi wapya walifikiwa. Lakini kufikiwa na kuridhika si kitu kimoja. Mwaka 2014 jarida la Ars Technica lilichukua sampuli ya akaunti za Steam na kukadiria kwamba takriban 37% ya michezo iliyosajiliwa humo haikuwahi kufunguliwa hata mara moja. Ni kweli baadhi ilitolewa bure au ilikuja ndani ya vifurushi, na hilo lazima liondolewe kwenye lawama. Hata hivyo, sehemu kubwa hivyo ni vigumu kuieleza ikiwa kila mnunuzi alikuwa akinunua burudani ya kucheza. Naamini wengi walikuwa wakinunua ili nafasi isiwapite.

Pingamizi jingine ni kwamba mchezo mbaya hauokolewi na matangazo. Kwa muda mrefu, labda. Cyberpunk 2077 ulikuwa na oda milioni 8 kabla haujatoka Desemba 2020, na siku chache baadaye Sony waliuondoa dukani mwao kwa sababu ya hitilafu nyingi. Ukweli ulijulikana, lakini baada ya fedha kulipwa.

Ndiyo maana nauona utaratibu ulioanzishwa na Steam Juni 2015 kuwa na thamani kuliko punguzo lolote: mnunuzi anaweza kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 ikiwa amecheza chini ya saa 2. Unamruhusu kuonja kwanza. Saa 2 zinatosha kugundua mchezo unaokwama. Lakini hazitoshi kwa mchezo ambao hadithi yake huanza kulegea saa ya kumi.