Buku za Mtaa: Anza na Msee Ako Msoto

Kwanza tumalizane na setbuku. Hakuna kitu imeua hamu ya kusoma hii Kenya kama dondoo. Unapewa story tamu, halafu unaulizwa nani alikuwa anashow nani, wapi, juu ya nini, na tamathali gani zimetumika hapo, maksi 20. Nani ataskia utamu wa chapo ka kila akimega anaulizwa ni vikombe ngapi za unga? Ndio maana wasee humaliza fomu fo wakiapa hawatawahi shika buku tena. Siwalaumu. Walisomea mtihani, story yenyewe hawakuipata.

Sa, ka uko kati ya miaka 14 na 19 na unadai kuanza, wachana na yenye odijo alisifu. Tafuta buku iko na msee amesota kukuliko, kwa tao unaijua.

Hapo Meja Mwangi hana mpinzani. Chukua Kill Me Quick, ya 1973. Machali wawili, Meja na Maina, wametoka ocha na vyeti zao za shule wakidhani Nairobi inawangoja. Wapi! Kila ofisi ni kufukuzwa. Wanaishia kulala kwa vichochoro na kumanga kenye imetupwa kwa pipa. Miaka 50 na ushee imepita, na ukiisoma leo utadhani imeandikwa na jirani yako wa ploti, yule wa digrii anaendesha nduthi. Mwangi haombi umwonee mtu huruma. Anakuchekesha, halafu ukishacheka ndio unagundua ni nini ulikuwa unachekea. Na ni fupi, wikendi moja imeisha.

Ikikubamba, ruka moja kwa moja hadi The Cockroach Dance, ya 1979. Mimi hii ndio naipenda kushinda zote. Kuna msee anaitwa Dusman Gonzaga, kazi yake ni kusoma mita. Anaishi Dacca House, ploti moja chafu ajab huko Grogan. Grogan ni hiyo hiyo, Kirinyaga Road, penye side mirror yako ikiibiwa asubuhi unaenda kuinunua jioni. Mende ni wengi kuliko watu, choo ni ya kupigania, na landlord anaitwa Tumbo Kubwa. Walai, Tumbo Kubwa! Dusman anaanza kunoki pole pole, hataki kulipa rent, na wewe unabaki ukijiuliza ka ni yeye amenoki ama ni hiyo ploti. Ukona landlord? Soma hii buku, na usimwachie aione.

Going Down River Road, ya 1976, ndio wengi hutaja kwanza. Ni kali, iko na mjengo, chang'aa na msee anaachiwa mtoto si wake alee. Lakini ni ya mtu amekomaa kidogo. Ngoja ufike 17 hivi.

Najua kuna dem hapo anauliza mbona ni machali tu. Ako sawa kabisa, na tutamfikia, ila tupitie kwa machali kwanza. Kwa madorm yao, buku yenye huzungushwa mpaka ganda linatoka ni My Life in Crime ya John Kiriamiti. Jamaa aliiandika akiwa jela, ikatoka 1984. Ni ya ujambazi wake mwenyewe, na Jack Zollo ni moja ya majina alikuwa anatumia. Sawa, mbio na bunduki zinabamba. Lakini ile yenye inauma ni ya 1989, My Life with a Criminal, juu hapo anayebonga ni Milly, dem wake. Ukisoma hizo mbili zikifuatana, ule ujanja wote wa Zollo unaanza kukaa vingine.

Halafu kuna Paulina wa Coming to Birth, ya Marjorie Oludhe Macgoye, 1986. Ako na miaka 16 tu, ameolewa, anashuka treni Nairobi mwaka wa 1956 wakati wa Emergency ya mkoloni, hajui mtu ila bwanake. Tao inamkanyaga kisha anajifunza kusimama. Inaenda polepole, usitarajie ngori kila page. Mi naona dem wa high school atamwelewa Paulina haraka kuliko ticha wake.

Kiswahili je? Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Mathe wako ama anko lazima aliisoma shule, na labda ilimboo. Isome bila dondoo. Ni kijana amelelewa Tanga, mathe yake alikuwa mwimbaji wa taarab, sasa anavuka kuja Kenya kutafuta buda hajawahi ona. Kiswahili yake ni ile ya juu, na mi msee wa Sheng nakushow uisome na siskii haya hata kidogo.

Kuna mjanja pia atakupea After 4.30 ya David Maillu akicheka chini chini. Tanzania waliipiga marufuku. Ikae kwanza. Ukinyitwa nayo na mathe, mimi hunijui.

Doo si kisingizio. Inama bookshop ziko Tom Mboya na Moi Avenue, zimetandazwa chini. Ukiona ganda la orange la African Writers Series, inama fasta, na ubargain. Ila ufungue page za mwisho kabla utoe chapaa, juu nyingi zimenyofolewa huko nyuma. Ka umesota kabisa, kuna library Kaloleni na ingine Makadara, zimerekebishwa na ni za mtaa.

Ama mchange base nzima, kila msee atoe finje, mnunue moja izunguke. Anayeimaliza anampea mwenye anafuata, na story ya mwisho inabaki ndani ya mdomo. Mwenye ataropokwa venye inaisha ananunulia kila mtu smokie pasua, na kachumbari juu.